Mambo ya Nyumbani: Koki ya Tangi la Maji ya Moto

Mwezi uliopita tulizungumza habari za moshi wa jikoni na macho ya watoto. Leo twataka kusema habari ya kitu kidogo, ambacho mtu hukishika kwa mkono mmoja, nacho ni koki ya kufungia maji yaingiayo katika tangi la maji ya moto. Yamkini mtu atacheka na kusema, "Je, koki nayo ni jambo la kuandikwa?" Na asome kwanza, kisha acheke akipenda.

Watu wa huku waijua baridi ya Babati. Mji wetu u juu, mita 1,300 na zaidi kutoka usawa wa bahari, chini ya mlima Kwaraa, na asubuhi za Juni na Julai si za kuchezewa. Zamani kila nyumba ilipasha maji kwa sufuria mafigani, na nyumba nyingi hufanya hivyo hata leo. Walakini Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha mwaka 2002, na Babati ikafanywa makao yake makuu, nyumba ziliongezeka na umeme ukaenea. Sasa katika nyumba za walimu na wauguzi na wafanya biashara twaona hita za umeme zimetundikwa ukutani bafuni. Wengine wana mitambo ya jua juu ya paa. Wengine wana pipa la chuma lililojengewa meko ya kuni nyuma ya nyumba. Vyote vitatu ni msaada mkubwa, hasa kwa wazee na kwa mama aliyejifungua. Lakini mara nyingi chombo hufika nyumbani upesi, na maarifa yake hufika nyuma yake kwa miguu.

Tutawaeleza jambo lililotupata sisi wenyewe, wala hatutajificha.

Mwaka jana, mwezi wa Mei, tulikwenda kumwamkia mwalimu mmoja jirani yetu, ambaye mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa pili. Mume alikuwa amenunua hita ya lita 80, na kijana mmoja alikuwa ameifunga bafuni. Tulipokaa barazani tulisikia maji yakidondoka ndani ya ndoo, to, to, to. Tukauliza, "Mama, kitu gani hicho?" Akajibu, "Ni hita, Mwalimu. Ikiwaka hulia machozi hivyo, ikizimwa hunyamaza." Nasi, kwa kuwa tumezoea kutoa shauri hata tusipoulizwa, tukasema, "Maji haya ni fedha, mama. Mwambie yule kijana aizibe." Akasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Kijana akaja, akachonga kijiti, akakizungushia mpira wa baiskeli, akakigongomea katika kidomo kile kilichokuwa kikidondosha, akakaza kwa waya. Machozi yakakoma. Tulipopita tena walitushukuru, nasi tulizipokea shukrani zile.

Mwezi wa Julai, usiku mmoja, mume akiwa safarini, mama yule alisikia tangi likivuma kama sufuria iliyofunikwa. Akaenda bafuni, akafungua bomba la maji ya moto apate maji ya kumwogesha mtoto. Hayakutoka maji, ulitoka mvuke ukitema na kupiga kelele. Akafunga bomba upesi. Akataka kuifunga koki ya hita, asijue ni ipi, maana nyuma ya nyumba mlikuwa na koki tatu zinazofanana. Akashika moja, gurudumu lake halikugeuka hata kidogo. Ndipo akafanya jambo la akili kupita yote: akazima swichi kuu ya umeme, akawabeba watoto wawili, akamshika mama mkwe wake mkono, wakatoka wote wakaja kwetu, gizani, katika baridi ile.

Asubuhi tulimwita fundi bomba mmoja, mzee, mtu wa maneno machache. Aliligusa tangi kwanza kwa nyuma ya mkono, akaona limepoa. Kisha akainama, akaona kijiti. Akauliza, "Ni nani aliyewashauri kuziba hapa?"

Mama yule akatutazama mara moja, akainamisha uso, akasema, "Tulisikia tu kwa watu, mzee."

Basi tukaona haya, maana alikuwa akitufunika. Tukasema, "Ni sisi, mzee. Sisi ndio tuliomshauri." Fundi hakutukemea. Alisema tu, "Mwalimu, tangi hili lilikuwa na walinzi watatu. Wawili walikuwa wamekufa. Wewe ulimfunga wa tatu mdomo."

Na sasa, wasomaji wetu, tutawaeleza alivyotueleza, pamoja na mengine tuliyojifunza baadaye.

Maji yakipata moto hupanuka. Lita 80 za maji baridi, zikipashwa mpaka nyuzi 65 hivi, huongezeka kadiri ya lita moja na nusu. Maji hayo ya ziada hayana pa kukaa, maana tangi limejaa na chuma hakinyumbuki. Kwa hiyo kwenye bomba la maji baridi, karibu kabisa na tangi, huwekwa vali ya usalama. Vali hiyo ina springi ndani yake. Shinikizo likizidi kadiri iliyoandikwa juu yake, aghalabu bar 7 au 8, springi hulegea na maji hudondoka. Hayo ndiyo machozi tuliyoyaona. Hayakuwa ubovu, bali tangi lilikuwa likipumua. Na mtu apate kujua ukubwa wa bar 8, afikiri hivi: simtanki lililowekwa juu mita 10 hutia shinikizo la bar 1 tu kwenye bomba lililo chini yake.

Mlinzi wa kwanza ni themostati, yaani kile chombo kinachokata umeme maji yakifika joto lililowekwa. Katika hita ile kilikuwa kimeshikana, kisikate tena. Mlinzi wa pili ni kikata umeme cha dharura, ambacho hukata joto likipita kiasi. Hicho kilikuwa kimekata mara mbili mwezi wa Juni, na yule kijana, badala ya kuuliza sababu, alikiruka kwa kipande cha waya ili watu wapate maji ya moto. Mlinzi wa tatu ni vali ya usalama, na habari zake mmekwisha kuzisikia.

Mtu atauliza, "Maji yakichemka, si yatachemka tu kama katika sufuria?" Sivyo. Hapa Babati, kwa ajili ya urefu wa nchi, maji katika sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 au 96 hivi, si 100 kama pwani. Lakini katika chombo kilichofungwa, shinikizo likipanda, maji hukataa kuchemka. Yakikandamizwa kwa bar 8 hupita nyuzi 170 yakiwa bado ni maji. Chuma kikipasuka wakati huo, shinikizo huondoka ghafula, na sehemu ya maji yale hugeuka mvuke mara moja. Nayo lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi kupita ya lita 1,600. Hakuna ukuta wa tofali uwezao kuustahimili msukumo huo. Ndiyo sababu maji yalitoka bombani kama mvuke usiku ule: yalikuwa yamekwisha kupita kiasi cha kuchemka, yakingoja mlango tu.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1679, Mfaransa Denis Papin, akikaa London, alitengeneza chungu cha chuma cha kufungwa sana, cha kulainishia mifupa. Kwa kuona hatari yake alikitia vali yenye kizito juu ya mkono wake, mvuke ukizidi uinue kizito na kutoka. Kila vali ya usalama tuliyo nayo leo ni kizazi cha ile. Na katika Marekani, tarehe 19 Januari mwaka 1982, katika shule ya msingi Star, mji wa Spencer, jimbo la Oklahoma, tangi la maji ya moto lililokuwa karibu na chumba cha chakula lililipuka wakati watoto wakila. Watoto sita na mwalimu mmoja walikufa, na wengine zaidi ya thelathini waliumia. Maji yalikuwa yamepata joto kupita kiasi, na vyombo vya usalama havikufanya kazi yake. Walimu wenye hita katika mabweni na majiko ya shule, someni habari hiyo mara mbili.

Sasa tuirudie koki yetu. Watu wengi huchanganya koki ya kufungia na vali ya usalama, nazo ni vitu viwili, kila kimoja na kazi yake. Koki ya kufungia hufungwa na mtu kwa mkono, ili hita itengenezwe au kubadilishwa, au ili maji yazuiwe tangi likitoboka. Vali ya usalama hujifungua yenyewe, wala mtu hana ruhusa ya kuizuia.

Mpango wake ni huu. Maji yakitoka kwenye mita au simtanki hukutana kwanza na koki ya kufungia, kisha na vali ya usalama, kisha huingia tangini. Kati ya vali ya usalama na tangi pasiwekwe koki yo yote, maana mtu akiifunga hapo, tangi limetengwa na mlinzi wake. Aghalabu vali hiyo ina pia kizuizi ndani yake, maji yaliyokwisha kuingia yasirudi nyuma. Hicho nacho kina faida kubwa katika miji ambayo maji hukatika: bomba likikauka, tangi haliwezi kunyonywa na kuachwa tupu huku koili ikiwaka.

Tena, koki ya upande wa maji baridi yatosha. Maji ya moto hutoka kwa kusukumwa na maji baridi yaingiayo chini, basi ukiyafunga ya baridi, ya moto nayo husimama. Lakini tangi halikuwa tupu kwa hilo. Limejaa bado, na maji yake ni ya moto bado. Atakaye kulimwaga hana budi kungoja lipoe, kisha afungue bomba la maji ya moto hewa ipate kuingia, ndipo afungue njia ya chini.

Koki zenyewe ni namna mbili. Ile yenye gurudumu, ambayo mafundi huiita geti vali, huzungushwa mara nyingi. Isipoguswa miaka mingi hushikwa na kutu na chokaa ya maji, kama ile ya nyumba ya jirani yetu. Ile ya mkono huzungushwa robo mzunguko tu: mkono ukilala sambamba na bomba, maji yapita, ukilikingama bomba, maji yamefungwa. Hii ya pili yafaa kuliko ile, kwa kuwa hata usiku mtu huweza kujua kwa kuipapasa tu. Ikiwa mna geti vali, izungusheni mara mbili kwa mwaka, mfunge na kufungua. Ikikataa msiitwange kwa spana kubwa, maana yaweza kukatika shingo. Fungeni maji kwenye mita, kisha mwiteni fundi.

Na haya ndiyo maagizo tuliyoyaandika kwa kalamu na kuyabandika ndani ya mlango wa bafu letu. Kila nyumba yaweza kuyanakili.

Kwanza, ukitaka kuzima hita: umeme kwanza, maji baadaye. Ukifunga maji na kuacha umeme ukiwaka, koili yaweza kuungua tangi likipungua. Kwa pipa la kuni, ondoa moto wote mekoni kabla ya kugusa koki.

Pili, ukitaka kuiwasha tena: maji kwanza, umeme baadaye. Fungua koki, kisha fungua bomba la maji ya moto, ungoje mpaka yatoke mfululizo pasipo kukohoa hewa. Ndipo uwashe swichi.

Tatu, vali ya usalama isizibwe kwa kijiti, wala kwa kitambaa, wala kwa gundi. Ifungiwe kibomba kinachovumilia joto, kikiteremka mpaka nje au juu ya mfereji wa bafu, mdomo wake ukiwa wazi, mahali pasipoweza kumwunguza mtoto. Ikidondosha hita inapowaka, ni desturi yake. Ikidondosha mchana na usiku hata hita ikiwa imezimwa, fundi na aitazame. Wenye kutaka kuokoa maji na wakinge ndoo.

Nne, ukisikia tangi likivuma, au bomba likitema mvuke: zima swichi kuu, toa watu wote, usifungue wala kufunga kitu kingine, usirudi mpaka fundi aje na tangi lipoe.

Tano, wenye mapipa ya kuni: lile bomba linalopanda juu la kutolea mvuke lisiwekwe koki kamwe, wala lisizibwe juu kwa kuogopa nyuki au mvua. Pindeni tu kichwa chake kitazame chini. Wenye mitambo ya jua ya mirija ya kioo: mirija ikikaa mitupu juani msitie maji baridi adhuhuri, itapasuka. Ngojeni jioni, au asubuhi na mapema.

Sita, maji ya nyuzi 60 huweza kuunguza ngozi vibaya kwa sekunde tano hivi, na ngozi ya mtoto mchanga upesi zaidi. Bafuni tieni maji baridi kwanza katika beseni, ya moto baadaye, kisha mjaribu kwa kiwiko. Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka muda wa dakika 20, mvueni pete na nguo isiyoshikamana na jeraha, msimpake dawa ya meno wala unga wala mafuta, kisha mpelekeni hospitali.

Katika nyumba ya jirani yetu fundi alitia themostati mpya na kikata umeme kipya, akaondoa kile kipande cha waya, akabadilisha vali ya usalama, na mahali pa lile gurudumu lililoganda akafunga koki ya mkono. Mama mwenye nyumba akaifunga kitambaa chekundu, ili hata mgeni akiulizwa usiku aijue. Kisha akawaita mama mkwe na mtoto wake mkubwa, mwenye miaka saba, akawaonyesha swichi na koki, akawauliza mmoja mmoja mpaka wakajibu sawasawa. Bibi alijibu wa kwanza.

Sisi tulimwomba radhi mama yule, naye akasema, "Yamekwisha, Mwalimu." Lakini twajua kwamba alitutii kwa sababu ya heshima tu, wala si kwa sababu tulikuwa na maarifa. Wenzetu mnaoitwa walimu, heshima hiyo mnayo katika kila nyumba mnayoingia. Mtu akiwauliza neno la umeme au la mabomba au la dawa, nanyi hamlijui, haitawapunguzia kitu kusema, "Ngoja tumwulize fundi." Kile kijiti chenye mpira wa baiskeli tunacho hapa mezani tunapoandika.

Kabla ya kuliweka gazeti hili, simameni, mwende mkaitafute koki ya hita yenu. Jaribuni kuigeuza. Ikigeuka, ifungeni kitambaa, mkawaonyeshe wote waliomo nyumbani, watoto na watumishi pia. Wasio na hita na waende kwa jirani aliye nayo, wamsomee ukurasa huu.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaandika habari za kusafisha simtanki na kulifunika vema. Salamu kwa wote nyumbani.